Fundi Si Mwizi, Yadi Zako Ziko Mshononi

Kuanzia vibanda vya vitenge mjini Kitale hadi Bungoma, na hata kule Suam mpakani na Uganda, kuna imani moja iliyoota mizizi: fundi wa cherehani akiomba kitambaa kingi kuliko ukubwa wa kitu anachoshona, basi amepanga kujikatia chake. Imani hiyo huwaumiza mafundi wote. Lakini kwa wale wanaoshona mablanketi ya viraka, ambayo katika baridi ya nyanda za Mlima Elgon si pambo, imani hiyo ni dhuluma tupu.

Hesabu ya mteja ni rahisi, na hapo ndipo hatari ilipo. Anataka blanketi la inchi 60 kwa 80. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, na yadi ni inchi 36. Anazidisha, anagawanya, anapata yadi tatu kasoro kidogo. Ananunua tatu kwa upande wa juu. Fundi akisema zinahitajika tano, maneno yanaanza.

Fundi ndiye mwenye haki.

Mtindo wa viraka uitwao nyumba ya magogo, uliopendwa sana Marekani tangu miaka ya 1860, hujengwa kwa bloki za mraba. Katikati hukaa kiini kidogo, mara nyingi chekundu, kisha kanda nyembamba hushonwa kukizunguka, ukanda mmoja baada ya mwingine. Pande mbili zinazopakana huwa za rangi angavu, na mbili zilizobaki za rangi iliyokoza. Uzuri wake wote unatokana na wingi wa mishono, na kila mshono hula kitambaa.

Chukua bloki ya inchi 10 yenye kiini cha inchi 2 na mizunguko minne ya kanda zinazoonekana kwa upana wa inchi 1. Ukanda huo hauwezi kukatwa inchi 1. Hukatwa inchi 1 na nusu, kwa sababu robo inchi huingia mshononi kila upande. Theluthi ya upana wake haionekani tena. Ukijumlisha kanda zote 16 pamoja na kiini, kitambaa kilichokatwa ni zaidi ya inchi 162 za mraba, ilhali bloki iliyokamilika ina 100 tu.

Blanketi zima lina bloki 48. Kanda zake zikiunganishwa ncha kwa ncha zina urefu wa inchi 4,992. Kitenge kikiondolewa kingo hubaki na inchi 44 za upana unaofaa, kwa hiyo fundi anahitaji kukata kanda 114 kutoka ukingo hadi ukingo. Akiongeza viini, ametumia inchi 178 na nusu za urefu wa kitambaa: yadi tano, kasoro inchi moja na nusu. Hapo hajakosea mkato hata mmoja, na kitenge hakijaoshwa kikarudi. Kikirudi kwa asilimia 3 tu, yadi tano hazitoshi tena.

Ushahidi unaoivunja kabisa imani hii ni upana wa ukanda. Blanketi likibaki na ukubwa uleule, lakini kanda zikapanuliwa kutoka inchi 1 hadi inchi 2, mishono inapungua na kitambaa kinachohitajika kinashuka hadi yadi nne na ushei. Ukubwa wa kitanda haujabadilika, ila karibu yadi nzima imeokolewa. Basi mteja anayepima kitanda na kusahau mishono amepima kitu kisichofaa.

Hata desturi ya kununua rangi mbili nusu kwa nusu haifai. Katika kila mzunguko, rangi angavu hushonwa kwanza na iliyokoza hufuata kwa nje, kwa hiyo kanda zake ni ndefu zaidi. Katika bloki ile ya kanda za inchi 1, rangi angavu huhitaji inchi 48 za ukanda na iliyokoza inchi 56. Ni sita kwa saba. Aliyenunua sawasawa atabakiwa na rangi moja na kuishiwa nyingine.

Wapo wanaodai kwamba viraka ni mabaki, na mabaki hayana hesabu. Wafumue shati moja la mtumba waone. Likishatolewa kola, mifuko, mishono na sehemu zilizochakaa, kinachobaki ni kidogo kuliko macho yalivyodhani. Wasiddi wa Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona mablanketi yaitwayo kavandi wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Huko pia kiraka hukunjwa kingo kabla ya kushonwa, na hufunika eneo dogo kuliko lile lililokatwa.

Fundi aliyebanwa kwa yadi tatu hana miujiza. Atabana mishono. Robo inchi itakuwa nusu ya robo, kitambaa kitafumuka kikifuliwa mara kadhaa, na lawama zitamrudia yuleyule aliyeomba kitambaa cha kutosha.

Ni kweli wapo mafundi wanaobana vitambaa vya wateja, na wanastahili kulaumiwa. Lakini shuku isiyo na hesabu haimkamati mwizi. Humchafua mwaminifu pamoja naye. Hesabu humtetea mteja pia. Kwa mfano, upande wa chini wa blanketi hili unahitaji vitambaa viwili vilivyounganishwa, na ziada kidogo kila upande. Vikilazwa kwa urefu wa blanketi, zitaondoka yadi nne na theluthi mbili. Vikilazwa kwa upana, zinatosha zaidi kidogo ya tatu na nusu. Fundi anayedai tano hapo ana jambo la kueleza.

Kwa hiyo blanketi hili, pamoja na nusu yadi ya mkanda wa pembeni, linahitaji yadi tisa na kidogo, na mwenye busara atanunua kumi. Vyuo vya ufundi vya Trans Nzoia na Bungoma vifundishe hesabu hii kabla mwanafunzi hajashika mkasi. Fundi naye aiandike kwenye karatasi mbele ya mteja: upana wa ukanda, idadi ya bloki, yadi za kila rangi. Kazi ikiisha, vipande vyote vilivyobaki virudishwe kwa mwenye kitambaa pamoja na karatasi hiyo.