Ng'ombe Aliyetupa Mimba

Kila tunapozungumzia ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, ni desturi yetu sisi viongozi wa dini, na ya wataalamu wengi pia, kumlaumu mfugaji. Twasema hajui, hajali, hasikii. Twaiona lawama hiyo kuwa nyepesi mno.

Ng'ombe aliyeambukizwa hutupa mimba, mara nyingi mara moja tu, kisha ndama wafuatao huzaliwa salama. Machoni pa mwenyewe, mnyama amepona. Kumbe angali akitoa bakteria katika maziwa na katika kondo la nyuma. Anywaye maziwa mabichi, au amzalishaye ng'ombe kwa mikono mitupu, hupatwa na homa za vipindi na maumivu ya viungo, na pengine hutibiwa malaria miezi na miezi. Hasara ya zizini ni ndama mmoja. Iliyo kubwa humwangukia mtoto wa jirani na mnunuzi wa mjini.

Mfugaji aambiwa apime damu ya mifugo yake. Akipatikana mgonjwa, hakuna tiba ya kutumainiwa. Lililobaki ni kumchinja. Mwenye ng'ombe watatu, ambao ndio karo na akiba yake, atapima ili apoteze mmoja bila fidia? Wengine humpeleka mnadani kimya kimya, na ugonjwa huhamia boma jingine. Hilo ni kosa, wala hatulifichi: torati yamhukumu mwenye fahali aliyejua kwamba apiga pembe, asimzuie. Lakini fahali wa torati alizuiwa kwa kamba tu. Huyu wetu ahitaji vipimo, daktari na chanjo ya mitamba. Na jirani asipochanja, ugonjwa hurudi kupitia malisho ya pamoja. Mfugaji ajua hivyo, ndiyo sababu husita.

Australia ilianza kampeni yake mwaka 1970, na mwaka 1989 ikatangazwa kuwa haina brusela ya ng'ombe. Wafugaji wake hawakuwa watakatifu kuliko wetu. Walilipwa fidia kwa mnyama aliyechinjwa, na gharama zilibebwa na serikali pamoja na wafugaji wote.

Basi, viongozi wa vigango na jumuiya, kabla ya kumwuliza mfugaji kwa nini hapimi, mwulizeni diwani wenu ni fedha gani zimetengwa kwa chanjo ya mitamba, na fidia itatoka wapi. Nasi tulio wanywaji tu, tuchemshe maziwa leo jioni.