Mutoto wa muchimbaji na kazi ya kusemea kampani

Siku hizi mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mutoto akimaliza masomo ya sekondari, anakuja na neno moja: «Papa, mimi ninataka kusoma komunikasyo. Nitafanya kazi ya uhusiano ku kampani.» Baba, mwenye anatoka ku posti ya usiku, buti zake zingali na matope, anaangalia mama. Juu ya nini kulipa minervali miaka yote ile, paka juu ya kujifunza kusema? Kusema, nani hajui?

Wazazi, sisi tunasema: mumuache achague. Lakini mumuulize kwanza: atamusemea nani, na atasema nini?

Kazi hii si mupya kwetu. Wazee wanakumbuka gazeti Mwana Shaba, lenye Union Minière ilianzisha mu 1957 kwa wafanyakazi wake. Kampani ilitaka kusema na watu wake, njo ikatafuta wenye kujua kuandika.

Tena kazi hii, hata kule Marekani, ilikomaa karibu na mashimo ya migodi. Mu 1914, kule Ludlow, mu Colorado, wachimbaji wa makaa walikuwa mu mugomo. Tarehe 20 aprili, waaskari walishambulia kambi yao ya mahema. Ndani ya wenye walikufa kulikuwa watoto 11 na mama 2. Kisha ile, Rockefeller, mwenye mali, akaita Ivy Lee, mutu aliyekuwa mwandishi wa gazeti, amusafishie jina. Lee akatoa makaratasi ya habari mengi. Mu moja yao, mushahara wa mwaka muzima wa wakubwa wa sendika ulionyeshwa kama vile waliupata mu majuma machache tu. Wakati tume ya serikali ilimuuliza, Lee alijibu kama kampani njo ilimupatia zile hesabu, yeye hakuzihakikisha.

Vijana wetu, mushike pale. Lee alikuwa amesoma, aliandika vizuri, na mu 1906 yeye mwenyewe alitangaza kama kazi yake ni kupatia watu habari za kweli. Kilichomuangusha si kukosa maneno. Ni kukubali karatasi ya mukubwa bila kuuliza.

Na sisi tumeona yetu. Kwenye muto moja wa kwetu, maji yaligeuka rangi. Mama walikuwa wanachota pale. Msemaji wa kampani, kijana wa kartie yetu, akapita ku redio: «Hakuna tatizo, maji iko muzuri.» Hakuwa amefika ku muto. Kisha siku chache samaki wakaanza kuelea. Leo akipita mu njia, hata shangazi yake hamuamini. Njia ya muongo ni fupi, na kwetu kartie ni ndogo.

Basi ajitayarishe namna gani? Asingoje diplomu. Tangu mwaka wa kwanza, aandike kila juma: habari moja kwa Kifaransa, na ileile kwa Kiswahili chenye mama wa soko anaelewa. Aende ku redio ya kartie, hata bila franga, ajifunze kuuliza mbele ya kujifunza kujibu. Kingereza asikiache, maana wakubwa wengi wa kampani wanatoka mbali.

Asome pia Kode ya migodi ya 2002, vile ilibadilishwa tarehe 9 marsi 2018. Sheria inaomba kampani isaini «cahier des charges» na watu wa pale inachimba, na kila mwaka itoe angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kampani ikiuza kwa dola milioni 100, ile ni dola 300 000. Msemaji asiyejua kufanya ile hesabu atamuelezea nini chefu wa kijiji? Atacheka tu na kupiga picha ku siku ya kufungua kisima.

Na wakati wa staji, asibakie mu biro yenye klima. Ashuke mu mugodi, aketi na wachimbaji, asikie kikohozi yao. Wakubwa wa kampani, ninyi pia mufungue mulango: chukueni wastajeri wa hapa, watoto wenye wanajua jina la kila kartie, musilete kila mara watu wa mbali.

Tunajua mutaulizia: na kama mukubwa anamuambia adanganye? Ni swali ngumu, maana mushahara njo unalisha nyumba. Lakini baba wa mutoto ule, akiona jiwe linapasuka juu ya kichwa ya wenzake, hanyamaze juu ya kumufurahisha shefu. Analalamika, watu wanatoka, na shefu mwenyewe anapona. Msemaji naye ni vilevile: mbele ya kupita ku redio, aende kwanza ku muto, kisha arudi kumuambia mukubwa kile macho yake yameona.

Mutoto akikubali ile, mumulipie minervali.