Midomo Haingoji Sherehe

Ndugu zangu, na ninyi wa mashirika, tarumbeta si kiti cha plastiki, kitolewe stoo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, kisha kirudishwe. Midomo ni misuli. Tangu tukimbie vita sikupuliza miaka 6. Sasa naanza upya kila jioni: sauti moja ndefu, do-re-mi kupanda na kushuka, halafu napumzika kabla midomo haijalegea. Dakika 15 kila siku zinashinda masaa 3 ya Jumamosi. Wengine wanasema eti kelele. Na jenereta je? Semina hatuombi, wala fulana. Tunaomba stoo ifunguliwe kila siku saa 10 jioni, si wageni wakija tu. Mwenye ufunguo anajijua.