KURA HAINA DARAJA

Wako watu ambao historia imewaweka upande wa walioshindwa, lakini hoja zao hazikufa pamoja nao. Mmojawapo ni David Stirling, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1915, mwasisi wa kikosi cha makomando cha SAS mwaka 1941. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Rhodesia ya Kusini, na mwaka 1949 akaunda jumuiya iliyoitwa Capricorn Africa Society. Shabaha yake ilikuwa kuzishawishi nchi kuanzia Rhodesia hadi Kenya, Tanganyika ikiwemo, zikatae siasa ya makaburu na pia zikatae madai ya Waafrika ya kujitawala kwa wingi wao.

Haki itendeke. Stirling alipinga ubaguzi wa rangi waziwazi, na masetla wengi walimchukia kwa hilo. Juni 1956 aliwakusanya watu wa rangi zote huko Salima, kando ya Ziwa Nyasa, wakatia sahihi mkataba. Lakini ndani yake mlikuwamo mwiba: kura ingetolewa kwa sifa, na mwenye elimu au kipato kikubwa angepewa zaidi ya moja.

Tuipime hoja hiyo hapa Ufipa. Mkulima wa uwanda huu alijua kufukia majani ndani ya tuta yaoze, ili yarutubishe shamba la msimu unaofuata. Hakuwa na cheti wala mshahara. Kwa mizani ya Stirling, karani aliyefika Sumbawanga jana angemshinda katika kuamua mambo ya ardhi hiyo hiyo.

Serikali ya kikoloni nayo ilipenda mizani ya namna hiyo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Tena alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Ndugu zetu wa Visiwani nao wanaukumbuka Julai 1957, kura ilipokuwa ya wanaume wenye sifa tu. Hata hivyo TANU, baada ya uamuzi wa Tabora wa Januari 1958, iliingia katika uchaguzi huo na ikashinda.

Stirling alirudi kwao. Mwaka 1974 akaunda kundi jingine, GB75, la watu wa kujitolea kuendesha huduma muhimu iwapo wafanyakazi wangegoma. Alifariki mwaka 1990. Alibadili nchi, hakubadili imani yake kwamba wachache wenye sifa ndio waokozi wa wengi.

Imani hiyo ndiyo tunayoihofia, maana inaweza kuvaa shati la kiofisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ofisa anayefika kijijini na muhtasari uliokwisha kuandikwa, akidai wananchi hawaelewi, anagawa kura za ziada bila kuzitaja.

Twawaomba watumishi wa Serikali wa mkoa huu wafafanue, washauri, kisha wasikilize. Utaalamu ni amana, si daraja la kumkalia mwenzio. Penye wengi hapaharibiki neno.