Pole ya Mbwa wa Mawindo

Mwezi wa saba, karibu na Mambasa, mbwa wa mjomba wangu alitobolewa ubavuni na nguruwe wa msituni, akafa. Mjomba alimzika nyuma ya nyumba, akatundika kengele yake ya mti mlangoni, akakaa siku tatu bila kwenda kuwinda. Majirani walicheka: «Ni mbwa tu, tafuta mwingine.» Mimi pia nilicheka, ndiyo maana ninaandika.

Mbwa wa misitu ya Ituri hubweka kwa nadra. Mwindaji humvalisha kengele shingoni. Kwa mlio wake anajua mbwa yuko wapi ndani ya majani mazito, na mboloko anakimbilia upande gani wa wavu. Miaka tisa mjomba alisikiliza mlio ule. Huyo «mwingine» atahitaji kufundishwa upya, na porini hakuna anayekula kwa mbwa asiyejua kazi.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya pekee ya kutocheka. Duniani mbwa hawa wanaitwa «basenji». Jina hilo limetoka katika Lingala, nalo ni ndugu ya neno letu «washenzi»: mbwa wa washenzi. Mbwa alibebeshwa tusi la mwenye mbwa. Tunapomwambia mwindaji «ni mbwa tu», tunalirudia tusi lile kwa sauti ya chini.

Wengine watasema kwamba Ituri imezika watu wengi mno, kwa hiyo kumlilia mnyama ni aibu. Hoja hiyo ni nzito. Lakini huzuni si gunia la unga, kwamba ukimpimia mmoja mwingine atapungukiwa. Mjomba alizika ndugu zake wakati wa vita. Hahitaji kufundishwa tofauti ya mtu na mbwa.

Wala hatulazimiki kuita kifo hicho msiba. Kiswahili kina neno «pole». Tunampa aliyejikwaa, tunampa anayetoka shambani, wala hatuulizi kwanza kama maumivu yake yanastahili. Kwa nini tumnyime mwindaji?

Juma lililopita nilipiga simu. «Pole, mjomba, kwa ajili ya mbwa.» Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kunisimulia mawindo yao ya kwanza, na salio langu likaisha kabla hajamaliza.