Msomi na Ajifunze Kuinama

Upo ugonjwa unaotuandama sisi wanafunzi wa Kiswahili: tukishapata shahada ya kwanza, tunadhani lugha imetukabidhi funguo zake zote. Nami sijitoi katika kundi hilo.

Nilipokuwa nikiandaa sura ya pili ya tasnifu yangu, nilikutana na neno 'demani' katika shairi la kale. Nililifahamu kuwa ni majira ya mwisho wa kusi, hivyo nikajenga hoja ya kurasa nne kuhusu majira hayo kama ishara ya matumaini. Nikaisoma kwa fahari mbele ya mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyewahi kuwa baharia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo demani ni kamba ya tanga. Mtu huyu yumo chomboni." Kurasa nne zikaanguka. Kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba nilimwendea mzee yule kutafuta sifa, wala si maarifa.

Historia ya taaluma yetu ina funzo hapa. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, zilihifadhiwa kwa sababu W. E. Taylor alikubali kuketi na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia kuzikusanya. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Leo tunamtaja Hichens katika marejeleo yetu bila kusita. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaomtaja Sikujua?

Huenda wapo watakaodai kwamba unyenyekevu ni unyonge, na kwamba msomi hana budi kuutetea msimamo wake. La hasha! Mnyonge hunyamaza hata anapojua. Mnyenyekevu husema alijualo, ila yu tayari kusahihishwa, awe anayemsahihisha ni profesa au mvuvi.

Kwa hivyo napendekeza kwamba kabla tasnifu haijamfikia msimamizi, uchambuzi wetu usomwe mbele ya wenye lugha, na majina yao, wakiridhia, yaandikwe badala ya kufichwa chini ya neno 'wahojiwa'. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeanza kuinama: sura ya pili naiandika upya.