Kiti cha Jaji Kinapobaki Wazi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza bayana kwamba jaji hustaafu atimizapo umri wa miaka 70, na kwamba Jaji Mkuu hakai kitini zaidi ya miaka 10. Asiyeijua siasa ya nchi hii angedhani kuwa tukio ambalo tarehe yake hukadirika tangu siku jaji alipozaliwa haliwezi kuzua mtafaruku. Yaliyoshuhudiwa ni kinyume kabisa.

Mnamo Januari 2011, Jaji Mkuu Johnson Evan Gicheru akielekea kuondoka kwa mujibu wa Katiba hiyo mpya, Rais Mwai Kibaki alimteua Alnashir Visram kuichukua nafasi yake. Kiini cha mgogoro uliofuata hakikuwa sifa za Visram. Waziri Mkuu Raila Odinga alisema hakushauriwa, Mahakama Kuu ikautilia shaka utaratibu uliofuatwa, Spika Kenneth Marende naye akaamua kwamba uteuzi ulikiuka Katiba. Kibaki akaliondoa jina Februari iyo hiyo. Ndipo wasailiwa walipohojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, akapatikana Willy Mutunga, mwanaharakati asiyewahi kuwa jaji. (Mahojiano hayo yaliendeshwa kwa Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 kilikuwa kimekwisha kukipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini hilo ni la makala nyingine.)

Mutunga alistaafu Juni 2016, mwaka mmoja kabla ya wakati wake, ili mrithi wake awe amezoea kiti kabla ya uchaguzi wa 2017. Busara hiyo haikuigwa na wote. Majaji Kalpana Rawal na Philip Tunoi walikwenda mahakamani wakidai kwamba, kwa kuwa waliteuliwa chini ya katiba ya kale, umri wao wa kustaafu ulikuwa miaka 74. Walishindwa. Bunge nalo lilikuwa limeirekebisha sheria ili Rais apelekewe majina matatu ya Jaji Mkuu achague alitakalo. Mahakama Kuu ikaibatilisha hila hiyo mwaka 2016. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu katika mambo haya ni haki ya kuchagua.

David Maraga akashika usukani, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Tangu hapo silaha ya Ikulu ikawa kimya. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41, Rais hakuwateua. Mmoja wao alifariki akisubiri. Juni 2020 Maraga alimlaumu Rais waziwazi, akastaafu Januari 2021 kabla ya suala hilo kutatuliwa. Juni 2021 wakateuliwa 34, wakaachwa sita, miongoni mwao George Odunga na Joel Ngugi, majaji waliokuwa wametoa hukumu zisizoifurahisha serikali. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ilimpa Rais siku 14 awateue, lakini sita hao hawakuapishwa hadi Septemba 2022, chini ya Rais William Ruto.

Watetezi wa Ikulu walidai kwamba Rais si mhuri wa mpira, na kwamba alikuwa na taarifa za kijasusi kuhusu baadhi ya waliopendekezwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwenye ushahidi huuwasilisha mbele ya Tume, ambamo Mwanasheria Mkuu ni mwanachama, naye mtuhumiwa akapata fursa ya kujitetea. Shutuma isiyotajwa haijibiki. Isitoshe, wakati Ikulu ikinyamaza, mwenye kesi ya shamba aliendelea kupewa tarehe juu ya tarehe.

Martha Koome, aliyeapishwa Mei 2021, atatimiza miaka 70 mwaka 2030, chini ya rais atakayechaguliwa 2027. Katiba haitaji ni siku ngapi rais anaweza kukaa na majina ya majaji mezani pake. Kabla ya mwaka huo kuwadia, siku hizo 14 hazina budi kuandikwa ndani yake.